Kamera Inapoanza Kugoma: Dhana Potofu za Wanaotafuta Nyingine

Ni nadra kamera ya dijitali kufa kwa siku moja. Kwanza huleta vituko: leo inakataa kuwaka mpaka uchomoe betri na kuirudisha, kesho lenzi inatoka nusu na kukwama, keshokutwa picha kadhaa zinatoka nyeusi tupu. Mwenye kamera akianza kulalamika, ushauri humjia kutoka kila upande. Mwingi umepitwa na wakati, na mwingine ni maneno ya matangazo yaliyorudiwa mpaka yakaonekana elimu. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Hununua bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) ya gharama kubwa, kisha wanaendelea kupata picha zilezile zilizowachosha, kwa sababu hawakujiuliza kamera ya kwanza ilikuwa imeshindwa nini hasa.

"Imeharibika hii, kanunue nyingine"

Pole pole kwanza. Kamera ya kubadilisha lenzi inategemea vitu vinne: bodi, lenzi, betri na kadi. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuleta dalili zinazofanana na kifo cha bodi. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini. Ikishachoka huonyesha imejaa, halafu kamera inazimika ghafla pale flashi inapotaka kuchaji au lenzi inapoanza kusogea, maana betri haiwezi tena kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Kadi inayoelekea kufa huacha picha zilizokatika nusu au zenye mistari ya rangi, na mtu akaapa kwamba kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha, kimeungua.

Madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale katika kila picha, na yanayozidi kuonekana ukilibana tundu la lenzi hadi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ni vumbi juu ya kihisi. Linasafishika. Ujumbe kwamba kamera haiwasiliani na lenzi mara nyingi huletwa na uchafu kwenye vile vidoti vya rangi ya dhahabu nyuma ya lenzi. Kitambaa safi, laini na kikavu kinaweza kumaliza tatizo. Na ile mistari ya giza na mwanga inayokatiza picha chini ya taa za LED wala si ugonjwa. Taa hizo nyingi huwaka na kufifia kwa kasi tusiyoiona kwa macho, na shata (kinachopima muda wa kihisi kupokea mwanga) ikiwa ya kielektroniki husoma kihisi mstari mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo inaunasa mpapatiko huo. Rudi kwenye shata ya kawaida, ile ya pazia linalosogea, au punguza kasi yake.

Njia ya kujua ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati: betri nyingine, kisha kadi nyingine, kisha lenzi nyingine. Tatizo likibaki kwenye bodi baada ya hayo yote, basi ni la bodi. Bodi iliyoingia maji ya chumvi mimi singeitegemea tena hata ikifufuka, kwa kuwa chumvi huendelea kula saketi baada ya maji kukauka.

Tena, tafuta kama mtengenezaji amewahi kutoa tangazo kuhusu modeli yako. Mwaka 2005 makampuni kadhaa yalijitolea kutengeneza bure kamera ambazo vihisi vyake vya aina ya CCD vilikuwa vikifa, hasa penye joto na unyevu, kwa kasoro iliyotoka kiwandani. Wenye kamera hizo hawakuwa na kosa lolote, na waliokimbilia kununua nyingine walikosa matengenezo ya bure.

"Megapikseli zikiwa nyingi, picha inakuwa nzuri zaidi"

Hii ni kongwe na bado ina nguvu. Tufanye hesabu. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja, yaani vidoti vinavyounda picha, na kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukinunua ya megapikseli 48, kila upande wa picha unaongezeka mara 1.4 tu, kwa sababu idadi imegawanywa kati ya upana na urefu. Ili upande uwe mara mbili kweli, unahitaji megapikseli 96.

Sasa angalia matumizi. Kuchapa ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kila inchi kunahitaji pikseli 2480 kwa 3508, yaani chini ya megapikseli 9. Skrini ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi kidogo ya 8. Kamera unayoitupa huenda ilikuwa na kutosha tangu mwanzo. Mwaka 2020 Sony ilitoa α7S III, kamera ya daraja la juu, ikiwa na megapikseli 12 tu, kwa ajili ya video na kazi za mwanga hafifu. Ingekuwa idadi ndiyo ubora, kamera hiyo isingekuwa na maana.

Wapo wanaohitaji pikseli nyingi kwa haki: anayepiga ndege wa mbali kisha akakata kipande kidogo cha picha, au anayechapa mabango ya ukutani. Wengine wote wanachoongeza ni uzito wa mafaili.

"Ukitaka picha za kitaalamu, nunua fremu kamili"

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapokwenda.

Ni kweli ukubwa wa kihisi una maana. Kihisi cha fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. Cha APS-C, aina ndogo kuliko hiyo, ni takriban 23.5 kwa 15.6, na cha Canon kinapungua kidogo hapo. Kamera nyingi ndogo za mfukoni zilitumia kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Hata kile kinachouzwa kwa jina la inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8 tu, lakini eneo lake ni mara nne ya kile kidogo, na tofauti hiyo inaonekana wazi usiku. Zile chenga zinazojaa kwenye picha ya gizani husababishwa zaidi na uchache wa mwanga uliokusanywa. Kupandisha ISO, ile namba ya kuongeza mwangaza wa picha, hakukiongezei kihisi uwezo wa kuona. Kunakuza kilichopatikana, pamoja na chenga zake.

Kwa hiyo swali la maana ni hili: mwanga wa ziada unaupata wapi kwa bei nafuu? Fremu kamili ina eneo la kama mara 2.3 ya APS-C. Kwa tundu lilelile la lenzi na kasi ileile ya shata, inakusanya mwanga mara 2.3. Si haba. Lakini fikiria mtu mwenye bodi ya APS-C na ile lenzi ya 18-55mm inayokuja nayo dukani, ambayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Akiweka lenzi ya 50mm yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, anapata mwanga karibu mara 10. Lenzi moja ndogo imeipita bodi mpya ya fremu kamili yenye lenzi hafifu, tena kwa mbali.

Kuna mtego mwingine usiotajwa na muuzaji. Lenzi zilizotengenezwa kwa APS-C hazifuniki kihisi chote cha fremu kamili. Ukizifunga, kwa kawaida kamera hukata picha na kutumia sehemu ya katikati pekee, na bodi yako mpya ya megapikseli 24 inakupa kama 10. Maana yake ni kwamba anayehamia fremu kamili hanunui bodi peke yake, ananunua na lenzi zote upya. Asiyeingiza hilo kwenye bajeti atajuta.

Rai yangu: kama lenzi zako ni nzima na unazipenda, ndizo zichague bodi inayofuata.

"DSLR zimekufa, lazima uhamie zisizo na kioo"

DSLR ni kamera yenye kioo ndani kinachokuonyesha kinachoonwa na lenzi. Ni kweli kwamba Canon na Nikon hazijatoa modeli mpya ya DSLR tangu 2020, na kwamba lenzi zao mpya zinatengenezwa kwa vifungio (sehemu za kufungia lenzi kwenye bodi) vya RF vya Canon na Z vya Nikon, vilivyoanza 2018. Pentax bado ilitoa K-3 Mark III mwaka 2021. Lakini kusitishwa kwa modeli mpya hakuzimi zilizopo. Mwenye lenzi nzuri za DSLR anayepiga mandhari, bidhaa au watu waliotulia anaweza kununua bodi iliyotumika ya kifungio kilekile na kuendelea na kazi. Jambo la kuchunga ni vipuri, kwani watengenezaji huacha kuvitoa miaka kadhaa baada ya modeli kuondolewa sokoni.

Kamera zisizo na kioo zina faida za kweli. Nyingi hutambua jicho la mtu na kulifuata karibu popote kwenye fremu, ilhali DSLR nyingi zimerundika alama zake za fokasi katikati. Kwa anayepiga watoto wanaokimbia au wanyama, hiyo peke yake ni sababu ya kuhama. Pia unaona mwanga wa picha kabla hujabonyeza. Gharama yake ni betri: kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, Nikon D7500 yenye kioo imepewa picha 950 kwa chaji moja, wakati Canon EOS RP isiyo na kioo imepewa 250. Ukihama, nunua betri ya pili siku hiyohiyo.

Na lenzi za zamani? Hapa watu hudanganywa pande zote mbili. Bodi isiyo na kioo ina nafasi fupi kati ya kifungio na kihisi, kwa hiyo adapta inapata mahali pa kukaa na lenzi ya DSLR inafanya kazi. Lenzi za Canon EF, kifungio cha tangu 1987, hukaa kwenye RF na kulenga zenyewe vizuri. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiingii kwenye bodi ya EF. Kwa Nikon, adapta ya FTZ haina mota ya kulenga, hivyo lenzi za zamani za AF-D zinazotegemea mota ya bodi utazilenga kwa mkono. Mwenye lenzi za EF-M, za kamera za awali za Canon zisizo na kioo, asidhani atazipeleka kwenye RF kwa sababu tu kampuni ni moja. Uliza kuhusu lenzi yako kwa jina lake kamili kabla hujalipa.

"Iliyotumika usiiguse, shata yake imekwisha"

Namba ya shata, yaani idadi ya picha inazotarajiwa kupiga, ni makadirio ya mtengenezaji, haina tarehe ya kufa ndani yake. Canon 5D Mark IV ilikadiriwa mizunguko 150,000, Nikon D850 200,000. Kuna shata zinazovuka hapo mbali na zingine zinazokatika mapema, na shata inaweza kubadilishwa na fundi. Mimi ningeogopa zaidi ukungu ndani ya lenzi, kifungio kilicholegea, au kutu kwenye chumba cha betri. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, kisha nyingine ya sekunde kadhaa ukiwa umefunika lenzi, uzikuze na kuzitazama pembe kwa pembe. Ya kwanza itakuonyesha vumbi, ya pili itakuonyesha pikseli zilizoungua.

"Zumu kubwa ndiyo kamera kali"

Zumu ya kidijitali haivuti chochote. Inakata kipande cha katikati ya picha na kukitanua. Soma ile ya lenzi tu. Na kumbuka kitulizaji cha picha kinazuia mtikisiko wa mkono wako, hakimsimamishi mtoto anayeruka. Kwa huyo unahitaji shata ya kasi, na kasi inadai mwanga, na mwanga unaturudisha kwenye tundu la lenzi.

"Kadi zangu za zamani na kompyuta yangu zinatosha"

Huenda, ila hakikisha. Kadi za SDHC huishia GB 32, SDXC huanzia juu ya hapo hadi TB 2, na kamera kongwe nyingi hazizisomi hizo kubwa. Anayenunua bodi iliyotumika anunue kadi inayoiendea. Upande wa pili, usiuziwe kadi ghali kuliko kazi: video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji megabaiti 12.5 tu, na kadi yenye alama ya V30 inahakikisha angalau 30.

Kinachosahauliwa zaidi ni faili za RAW, zile zenye data ghafi ya kihisi. Kila modeli mpya huja na faili zake, na programu uliyoiweka miaka mingi iliyopita haitazifungua mpaka uisasishe, na pengine kompyuta yako haikubali tena toleo jipya. Adobe inatoa bure programu ya kuzigeuza kuwa DNG, aina ya faili ghafi ambayo programu nyingi za zamani huisoma. Pakua sampuli ya RAW ya kamera unayoitaka, ijaribu kwenye kompyuta yako, na ufanye hivyo wakati kamera ya zamani bado inawaka, ili usilazimike kuchagua kwa haraka siku itakapogoma moja kwa moja.