Je, wajua kwa nini begi la Minneapolis huchukuliwa New York?

Umekabidhi begi Nairobi, karani amekwambia "linaenda moja kwa moja", na lebo ina herufi kubwa MSP, yaani Minneapolis. Ukishuka JFK, New York, unaambiwa ukalichukue mwenyewe. Karani hakukudanganya. Lebo huwaelekeza wapakiaji wa mashirika ya ndege tu. Forodha ina sheria zake.

Doha, Dubai au Addis Ababa, anayeunganisha ndege haingii nchini. Begi lake hushushwa ndege moja likapakiwa nyingine, na forodha ya pale haina habari nalo. Viwanja vya Marekani havina utaratibu huo. Atokaye ng'ambo huingia nchini rasmi pale anapotua kwanza, hata akiwa anapita tu kwenda Toronto. Ndiyo maana Mkenya au Mtanzania mpitaji naye hudaiwa viza. Baada ya hapo, ndege ya Minneapolis ni safari ya ndani. Begi litazunguka mkanda mmoja na mabegi ya Chicago, na kati ya mkanda huo na barabara hakuna afisa wa forodha. Basi kama ni kulifungua, mwenyewe akiwepo kujibu maswali, ni New York.

Ukitoka dirisha la uhamiaji, chukua begi mkandani, pita forodha, kisha mbele kidogo utakuta wahudumu wa mizigo ya kuunganisha. Waonyeshe lebo, walipokee. Halipimwi tena. Wewe sasa unarudi kwenye ukaguzi wa usalama kama abiria mwingine yeyote, na hapa ndipo manukato au chupa uliyonunua dukani kiwanjani huwaponyoka wengi, kwa kuwa kimiminika kinachozidi mililita 100 kinaweza kuzuiwa. Kitie ndani ya begi kubwa kabla hujalikabidhi. Kwa shughuli yote hii saa moja na nusu ni kujitafutia presha. Tafuta tikiti yenye nafasi ya saa tatu kati ya ndege na ndege.

Forodhani, taja chakula chote ulichobeba. Dagaa wakavu wa kula nyumbani kwa kawaida hupita, kahawa iliyokaangwa pia. Nyama na maembe hubaki. Fedha hazina kikomo, ila zikizidi dola 10,000 lazima uzitaje.

Abiria wa Abu Dhabi ana nafuu: tangu 2014 maafisa wa Marekani humkagua hukohuko kabla hajapanda, akatua kama abiria wa ndani.

Mwenye tikiti mbili zilizonunuliwa mbalimbali hali yake ni nyingine. Lebo yake huenda ikaishia JFK, na wale wahudumu hawatalipokea begi. Atalikokota hadi kaunta ya shirika la pili, lipimwe upya kwa kanuni za safari ya ndani, na mara nyingi alilipie, hata kama Nairobi lilipita bure.