Arenja ni nani hasa? Tumtazame Quincy Jones

Vijana wengi hapa Lamu ukiwatajia Quincy Jones watakwambia ni yule prodyuza wa Michael Jackson, bas. Ni kweli, lakini kilichomfikisha huko ni tarumbeta na uarenja, na huu uarenja ndo watu hawauelewi, wanadhani ni sawa na kutunga.

Arenja hatungi wimbo. Wimbo anaukuta ushatungwa, una maneno yake na sauti yake, yeye anaamua utapigwaje: nani aanze, nani anyamaze, mwimbaji akivuta pumzi nani amjibu, halafu anaandika noti za kila mpigaji kwenye karatasi yake. Chukua harusi ya hapa Langoni, wimbo ule ule wa taarab ukipigwa na mtu mmoja na kinanda chake, na ukipigwa na kundi lenye fidla, udi, akodiani na dumbaki, maneno hayajabadilika hata moja lakini utaapa ni nyimbo mbili. Hiyo tofauti ndo kazi ya arenja, hata kama kundi halimwiti hivo, manake lazima awepo mtu wa kuwaambia fidla ngojeni kwanza.

Sasa kwenye bendi kubwa ya jazi mambo yanazidi uzito. Matarumbeta manne, matromboni, saksafoni tano, piano, besi, gita, ngoma, wote hao kila mmoja akipiga anavotaka hapasikilizani. Na kila chombo kina tabia zake. Tarumbeta ya kawaida ukiiandikia noti ya C inayosikika ni B flati, yaani sauti ya chini yake kwa toni nzima, kwa hivo arenja anaiandikia toni nzima juu zaidi ya anavotaka isikike. Halafu kuna midomo. Noti za juu zinachosha midomo vibaya sana, ukimwandikia mpigaji ukurasa mzima wa noti za juu bila kumpa nafasi ya kupumzika atafika mwisho sauti imekatika.

Quincy haya aliyajua kwa mdomo wake mwenyewe. Alizaliwa Chicago mwaka 1933, akakulia sehemu za Seattle ambako alijuana na mwimbaji Ray Charles wote wangali vijana wadogo, akasoma muziki Boston, kisha mwanzoni mwa miaka ya 50 akaingia bendi ya Lionel Hampton, na mwaka 1953 walipokwenda Ulaya alikuwa anakaa safu moja ya matarumbeta na Clifford Brown na Art Farmer. Hebu fikiria, ukikaa kando ya Clifford Brown kila usiku unajua kabisa tarumbeta inaweza nini! Mimi naona kiti kile kilimfunza kuliko darasa lolote, ingawa 1957 alikwenda Paris akasoma kwa Nadia Boulanger, na yule mama hakuwa mwalimu wa mchezo.

Ukitaka kuusikia uarenja wake skiza "Fly Me to the Moon" ya Frank Sinatra na bendi ya Count Basie, ya 1964. Wimbo huo Bart Howard aliutunga miaka ya 50 ukiwa wa mapigo matatu, wa kuyumba taratibu, Quincy akautia mapigo manne ukaanza kutembea. Sasa mwache Sinatra kidogo, fuata vyombo. Mwanzo ni vyombo vichache kwa sauti ya chini, filimbi inapenyapenya katikati ya maneno, na matarumbeta ambayo yangeweza kumfunika mwimbaji tangu mwanzo yamezuiliwa mpaka wakati wao ufike, ndipo yanapasuka. Ni mtu aliyewahi kupuliza ndo anajua kuyazuia hivo.

Mwaka 1974 mshipa wa damu ulimpasuka kwenye ubongo, akapasuliwa, akapona, lakini kupuliza tena tarumbeta kukawa ni hatari kwa maisha yake akaiacha. Kazi ya kupanga na kusimamia haikusimama. Alifariki Novemba 2024 akiwa na miaka 91. Na kwenye "Thriller" ya Michael Jackson ya 1982, ile inayojulikana na kila mtu, kazi ya kupanga vyombo vya kupuliza alimpa Jerry Hey, na huyo naye ni mpiga tarumbeta.