Nafuu ya kodi si nafuu ya uzee

Wengi wanaamini kwamba anayestaafu akihamia mahali patulivu ambako serikali hutoza kodi ya chini, akiba yake itadumu. Kodi ni sehemu tu ya hesabu. Kinachommaliza mstaafu polepole ni umbali: nauli ya kliniki, dawa za kufuatwa mbali, na kumlipa mtu kwa kazi ambazo jirani wa zamani angemsaidia bure.

Siku ya dharura umbali huo huwa mzito zaidi. Kiharusi kikisababishwa na donge la damu, dawa ya kuliyeyusha kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama hospitali ipo. Uliza kama ina mashine ya picha hiyo, na kama inafanya kazi usiku.

Kisha chukua futi kamba uipime nyumba. Mlango uwe na nafasi wazi ya angalau sentimita 80 ili kiti cha magurudumu kipite. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa sentimita 180, yaani mara 12 ya kimo chake. Ikifupishwa, kiti hukimbia au hupinduka. Bafuni, ukuta uwe imara wa kubeba vishikio.

Tafadhali, usiuze nyumba ya zamani kwanza. Panga nyumba huko unakotaka kuhamia kwa miezi kadhaa, msimu mbaya ukiwemo, na wiki moja uishi bila kuendesha gari. Aliyepaona wakati wa likizo tu hajapaona.