Kiraka cha usalama kije peke yake

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi, na kinachonisumbua kuliko virusi ni watu waliochoshwa na masasisho. Kinachozimika wamekizima, kisichozimika wanakiahirisha kila siku. Siwalaumu hata kidogo. Kampuni zenyewe ndizo zilizowazoesha hivyo.

Ndani ya sasisho moja huwekwa vitu viwili visivyohusiana. Kuna kiraka cha usalama, kinachoziba tundu ambalo mdukuzi angelipitia, na hiki mtumiaji anakihitaji, tena upesi. Halafu kuna mengine: menyu imehamishwa, kitufe kimeondolewa, akili mnemba imewashwa bila mwenyewe kuulizwa. Ukitaka kiraka, unapokea vyote. Mtu akishaamka mara kadhaa na kukuta programu anayofanyia kazi imegeuzwa sura, kwake kila sasisho ni bughudha, na lijalo ataliahirisha hata kama ndilo lenye kiraka.

Hatari yake tumeiona. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa kwenye Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikaingilia tundu hilohilo, kikafunga faili za kompyuta katika nchi nyingi na kudai malipo ili zifunguliwe. Hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa, ilhali kiraka kilikuwa kimetoka karibu miezi miwili kabla. Sababu za kutokisakinisha zilikuwa nyingi, na taasisi kubwa zina zake. Lakini mwaka mmoja tu nyuma, 2016, kampuni hiyo ilikuwa ikiwasukuma watu wahamie Windows 10 kwa dirisha la ajabu: ukibonyeza alama ya X ili ulifunge, unahesabiwa umekubali kuhamishwa. Alama ambayo miaka yote ilimaanisha "ondoka" ikafanywa "ndiyo". Aliyetendewa hivyo utamwambiaje aamini dirisha linalofuata? Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10 likafuta nyaraka za baadhi ya watumiaji, hadi likasitishwa kwa muda.

Si Microsoft peke yao. Mei 2024 Sonos, watengenezaji wa spika, waliwapa wateja programu mpya ya simu iliyokosa mambo yaliyokuwemo katika ile ya zamani, kama kipima muda cha kulala. Wateja walilalamika kwa miezi. Programu ya zamani haikurudishwa. Januari 2025 mkurugenzi mkuu akaachia ngazi.

Kwa nini kiraka na vipengele vipya vifungwe pamoja? Kwa sababu kutenganisha ni kazi. Kampuni ikitunza matoleo matatu, kila kiraka huenda kikaandikwa mara tatu na kujaribiwa mara tatu, na kazi hiyo haina sifa. Mhandisi hupandishwa cheo kwa kipengele kipya kinachoonekana, si kwa tundu aliloziba kabla halijaleta madhara. Kisha idadi ya waliobonyeza kitufe kipya hupelekwa kikaoni kuwa ushahidi kwamba watu wamekipenda, kumbe wengi wamekibonyeza kwa kuwa kimewekwa palepale kilipokuwa kitufe chao cha zamani. Takwimu za namna hii zinanikera kuliko mabadiliko yenyewe.

Na kutenganisha kunawezekana. Debian, mfumo endeshi wa kompyuta unaotolewa bure, ikishatoa toleo imara, matundu huzibwa ndani ya programu zilezile, kwa kawaida bila kuzibadili tabia, na mradi huo unaendeshwa na watu wa kujitolea. Ubuntu LTS, yaani matoleo ya muda mrefu ya mfumo mwingine wa namna hiyo, hupewa viraka kwa miaka 5. Kivinjari cha Firefox kina tawi la ESR, yaani toleo la kutumika muda mrefu, linalopokea viraka mfululizo huku vipengele vipya vikisubiri karibu mwaka mzima. Kampuni yenye mabilioni ya dola haiwezi kusema imeshindwa na hili. Imeamua tu kutolifanya.

Ninachodai ni kiraka kije peke yake, kando ya "sasa" na "baadaye" kiwepo kitufe cha "hapana" kwa hayo mengine, na maelezo yataje kilichobadilishwa badala ya "tumerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji". Kwa sasa, fungua mipangilio ya mfumo wako uone kama unaruhusu kuchelewesha toleo jipya bila kuzuia viraka. Mfumo ukikuruhusu, chelewesha toleo hilo, viraka uviache vijisakinishe vyenyewe. Usipokuruhusu, sakinisha vyote hata kama vinakuudhi, ila nakili faili zako kwanza mahali pengine.