Usawa katika huduma za afya si wote kulipa kiasi kimoja

"Wote tulipe sawa, ndiyo usawa." Kauli hii naisikia mno hapa Moshi tangu habari za bima ya afya kwa wote zishike kasi: kwenye daladala za Kibosho, sokoni Mbuyuni, hadi kwenye vikao vya ukoo. Wanaoisema wana nia njema kabisa, lakini wanaipindua dhana yenyewe.

Maana yake kwa ufupi: mfumo wa afya wenye usawa ni ule ambao mtu anachangia kwa kadiri ya uwezo wake na kutibiwa kwa kadiri ya ugonjwa wake. Ulichotoa hakiamui utakachopata.

Sasa tazama malipo. Mtumishi aliye NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza 3 nyingine. Anayepokea kikubwa anatoa kikubwa. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii wa sura mpya ulioanza 2018, ilikwenda njia nyingine: huku mikoani, kaya ya watu wasiozidi sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, iwe ya tajiri au ya fukara. Mwenye maduka mawili mjini anaitoa mfukoni bila kuhesabu. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni, hiyo ndiyo hela ya kushushia mikungu alfajiri. Akiitoa kwa mkupuo, kesho hana cha kupanga chini. Wamelipa sawa, ila mmoja ameumia na mwenzake hata hakusikia.

Hata kadi ikiwa moja, njia ya kufika kwa daktari hailingani. Sisi wa Moshi mjini tuna hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC iko hapo juu tu. Mtu wa Loliondo akipewa rufaa ya hospitali ya mkoa, anaifuata Arusha mjini, safari ya mamia ya kilomita, akiwa na ndugu wa kumsindikiza. Bima haimlipii nauli wala pa kulala huyo ndugu.

Kuna na wanaochanganya usawa na bure. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilisambaa vijijini na hospitali za serikali zilitibu bila malipo. Wazee wetu wanakumbuka. Uchangiaji wa gharama ulianza 1993, na ukaja na msamaha kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano; baadaye msamaha ukawafikia na wazee wasio na uwezo. Inaniuma nikisikia mtu kwenye foleni akinung'unika kwamba wazee wanapendelewa. Msamaha ule ndio usawa wenyewe, kwa sababu bila huo bibi wa watu angebaki nyumbani na presha yake.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalijua hili, ndiyo maana imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kwa hiyo, ndugu zangu, kiwango kimoja kwa kaya zote tukiite kiwango kimoja. Kina faida yake: ni rahisi kukikusanya kwa watu wasio na hati ya mshahara. Lakini tukiulizana kama kuna usawa, tuuangalie mfuko ule: una hela kiasi gani, na yule mama wa ndizi ameandikishwa au bado.