Ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii ni milango miwili

"Nenda ustawi ukafuatilie ule mkopo wa asilimia 10." Utaisikia soko la Kilombero hapa Arusha, utaisikia ndani ya vifodi, zile daladala zetu ndogo, na siku hizi inasemwa hata na viongozi wa mtaa, ambao ndio wanaoelekeza watu ofisini. Mama anafunga genge lake, anapanda gari, anakaa kwenye benchi hadi saa sita, kisha anaambiwa mlango si huu. Mkopo huo hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na unashughulikiwa na maendeleo ya jamii. Ustawi wa jamii ni kazi nyingine yenye wataalamu wengine.

Maana yake kwa haraka: afisa ustawi wa jamii ni mtu aliyesomea kumsaidia mtu mmoja au familia moja iliyofika mahali pa kushindwa kujimudu. Mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumwangalia, mgonjwa asiye na fedha ya matibabu, wazazi walioachana wakabaki wakivutana juu ya mtoto, kijana aliye katika mkinzano na sheria. Anasikiliza, anatathmini, anaunganisha na huduma, anafuatilia mpaka shauri lifungwe.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana jibu limo humo. Ustawi limetokana na kustawi, au kusitawi kama wengine wanavyolitamka, na asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa neno "sawa". Huko kitenzi chake kina maana ya kunyooka, kukaa sawa, kuiva. Kwetu limeingia shambani. Mtu wa Kibosho, Kilimanjaro, akisimama kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, akasema kahawa hii imestawi, anasema habari ya mche ule anaoutazama: umepata kivuli cha mgomba, umepata samadi, majani yana kijani cha kukolea. Ule wa pembeni ukiwa umenyong'onyea, hatasema shamba limeendelea vizuri akauacha. Atauinamia autazame shina, kisha aufukue kidogo udongo aone mizizi ina nini.

Maendeleo ni la Kibantu tupu: kwenda, kuendelea, maendeleo. Ni mwendo, na mwendo huo ni wa watu wengi pamoja. Kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kamati ya mradi wa maji, vijana waliosajili kikundi cha bodaboda, hao ndio watu wa afisa maendeleo ya jamii. Anawapanga, anawafundisha kuandika katiba ya kikundi, anawaongoza kuomba mkopo. Mmoja wao akipigwa na mumewe usiku, shauri hilo limetoka kwenye mwendo wa kikundi na limeingia kwenye mche mmoja. Hapo anahitajika afisa ustawi.

Hata vyuo viko mbali. Ukitoka Arusha kuelekea Moshi unapita Tengeru, kwenye Taasisi ya Maendeleo ya Jamii. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, Dar es Salaam, na iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Kuchanganya kwa watu kuna sababu, na si haki kuwalaumu. Ustawi wa jamii ulikaa miaka mingi kwenye wizara ya afya, na hata ulipotolewa huko Januari 2022 uliwekwa kwenye wizara moja na maendeleo ya jamii. Tena kata nyingi hazina afisa ustawi wake, kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayepokea kesi ya mtoto, anaiandika na kuipeleka ngazi ya halmashauri. Mwananchi anaona mtu mmoja akifanya yote mawili, anahitimisha kuwa kazi ni moja.

Wengi wanamfahamu afisa ustawi kwa jambo moja tu, matunzo ya mtoto, na hata hilo wanalielewa nusu. Mzazi anafika na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kipo, anaeleza, na mwenzake anapelekewa barua ya wito. Wakikaa mezani, kazi ya afisa ni kuwasuluhisha. Hana pingu wala hukumu. Wasipoelewana, au mmoja asipokuja, shauri linakwenda Mahakama ya Watoto, na huko ndiko inakotoka amri ya matunzo. Baba akikana mtoto, mtu binafsi hajiendei tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupima vinasaba. Ombi hupitia kwa wanaotambuliwa na sheria, na afisa ustawi ni mmoja wao. Makubaliano mengi yanayovunjika hayakuandikwa vizuri: yanasema "atatoa kadiri ya uwezo", bila kiasi, bila tarehe ya mwezi, bila njia ya kulipa. Fedha ikipita mkononi, miezi mitatu baadaye kila mmoja ana hesabu yake. Ikipita kwenye simu, ujumbe unabaki.

Na hapa hapa niondoe jambo lingine linalorudiwa kama sheria: kwamba mtoto akitimiza miaka 7 ni wa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba siku ya kutimiza miaka 7 anahamishwa. Kinachotazamwa ni maslahi ya mtoto.

Hospitalini kazi yake haionekani lakini ni kubwa. Ndiye anayetathmini kama mgonjwa asamehewe gharama: nani anategemea nani nyumbani, kipato kinatoka wapi, ndugu wako wapi, barua ya mtendaji inasemaje. Kosa linalojirudia ni familia kumtafuta siku ya kuruhusiwa, deni likiwa limeshapanda na ndugu wameshatawanyika. Aulizwe siku ya kulazwa. Yeye pia ndiye anayetafuta ndugu wa mgonjwa aliyeokotwa barabarani hajitambui, na anayepanga nani atamwangalia mzee aliyepooza akirudi nyumbani.

Mahakamani, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, anaandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Ili aiandike inampasa kufika nyumbani, shuleni, kwa balozi wa nyumba kumi. Arusha na Moshi kila mmoja una mahabusu ya watoto, na huko pia yupo, ili mtoto anayesubiri kesi asichanganywe na watu wazima. Ripoti iliyoandikwa mezani bila kufika nyumbani hujulikana upesi: haina jina la bibi anayemlea mtoto, wala haisemi analala wapi.

Limebaki lile tishio. "Nitakupeleka ustawi!" Mke anamwambia mume, mama anamwambia mtoto aliyemwaga maziwa. Kwa watu wazima lina maudhi yake, lakini kwa mtoto lina madhara. Itafika siku mtoto huyo ameketi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, mkono umeungua, na afisa amechuchumaa mbele yake anamuuliza taratibu nani amefanya hivi. Kama miaka yote ameambiwa ustawi ni mahali pa kupelekwa wakorofi, atatazama sakafu, na shauri zima lilikuwa linategemea aseme. Afadhali aambiwe mapema, akiwa hana jambo, kwamba kuna mtu anaitwa afisa ustawi ambaye kazi yake ni kusikiliza watoto, na kwamba simu namba 116, ya msaada kwa watoto, ni ya bure.