Kuona "was" hakutoshi kuita sentensi kauli ya kutendwa

Nimeletewa tena daftari la Kiingereza la mwanafunzi, hapahapa Dodoma. "The train was arriving" imepigiwa mstari, pembeni imeandikwa: kauli ya kutendwa, yaani kiima kinatendwa jambo badala ya kulitenda. Kisa kuna "was". Nimechoka kulisahihisha hili daftari kwa daftari, basi naliandika hapa.

Treni ilikuwa inafika. Nani aliifikisha? Hakuna, treni ndiyo mtenda. "Was" hapo inabeba wakati uliopita, na "-ing" inaonyesha tendo lilikuwa likiendelea. Kauli ya kutendwa inadai viwili kwa pamoja: "be" katika sura yoyote, na umbo la tatu la kitenzi, kama "grown" au "taken". "Grapes are grown in Dodoma": wakati uliopo, "was" haipo, na bado zabibu zinalimwa. "Grapes will be harvested": wakati ujao. Kauli ni jambo moja, wakati ni jambo jingine.

Na "by" ya kumtaja mtenda si lazima. "Dodoma was declared a city in 2018" imekamilika, kwa sababu habari ni ya Dodoma.

Kinachonikera zaidi ni "The accident was happened", kwa sababu walimu wengi huikata kwa wino mwekundu wakaishia hapo. "Happen", "arrive" na "die" hazina mtendwa, kwa hiyo hakuna wa kumpandisha awe kiima. Lakini mtoto wa Kiswahili angelijuaje bila kuelezwa? Sisi husema "amefiwa na mama yake", "nimenyeshewa na mvua". Kufa hakuna mtendwa, ila tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata "fia", yule aliyeguswa na msiba anaingia, kisha "-w-" inamfanya kiima: "fiwa". Kiingereza hakina njia hiyo kwa "die". "She was died by her mother" haisemeki. Kwa mvua kinaruhusu, ila lazima "on" ibaki mwishoni: "I was rained on". Anayekosea hapa anafuata mantiki safi kabisa ya lugha yake. Aonyeshwe mahali lugha hizi mbili zinapoachana, asiambiwe tu kwamba hajui.

Kuna mahali vitabu vya darasani hupita harakaharaka: "The window was broken". Kiswahili kinatenganisha: dirisha lilikuwa limevunjika, hiyo ni hali, dirisha lilivunjwa, kuna aliyelivunja. Kiingereza kinayabeba yote mawili kwa sentensi ileile. Ukiongeza "by the boys", ni kutendwa. Ukisema "was still broken on Monday", ni hali, na "broken" inafanya kazi ya kivumishi. Ikiachwa peke yake, mimi sina namna ya kuamua, na sidhani kama mtungaji wa swali anayo. Kwenye mitihani yangu mwanafunzi akisema ni hali, akatoa sababu, nampa alama zote. Akisema ni kutendwa, akatoa sababu, vilevile. Asiyetoa sababu ndiye simpi.